Usomaji wa vihisi vya analogi unapoyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mafundi wa umeme, wa vipimo na wa PLC (kompyuta ya kudhibiti mitambo) wanaohudumia mitambo yenye ishara za mkondo za 4–20 mA, za volti za 0–10 V, na za vihisi vya joto vya Pt100 na themokapo. Ishara ya analogi hupita njia ndefu kabla haijawa namba kwenye skrini: mchakato wenyewe, kihisi, transmita (kifaa kinachogeuza kipimo cha kihisi kuwa ishara), kebo, temino, kadi ya kuingizia ishara, kisha programu. Yumbo huingia mahali fulani kwenye njia hiyo. Kazi yako ni kupata mahali hapo, na karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye kazi hiyo.

Namba inachezacheza kwenye skrini. Nianzie wapi?

Anza na opereta, kabla ya bisibisi. Muulize yumbo limeanza lini, kitu gani kilibadilishwa siku hizo, na kama linatokea muda wote au mashine fulani ikiwaka. Halafu hakikisha kihisi hicho hakijaunganishwa na mfumo wa kuzima mtambo. Kama kinaendesha vali au pampu, omba kidhibiti kiwekwe kwenye hali ya mkono. Kugusa waya wa ishara inayolinda boila bila kumwambia mtu ni hatari kuliko yumbo lenyewe.

Baada ya hapo, kata njia katikati. Tenganisha nyaya za kihisi kwenye paneli, kisha ingiza 12 mA kwenye kadi kwa kutumia kalibreta, yaani kifaa kinachotoa mkondo unaoujua. Skrini inapaswa kusimama kwenye asilimia 50 ya kipimo. Ikisimama imara, kadi na programu ziko salama, tatizo liko nje. Ikiendelea kucheza, usipoteze muda kupanda ngazi hadi kwenye tangi. Tatizo liko ndani ya paneli au kwenye programu. Kipimo hiki kimoja, kinachochukua dakika chache, huondoa nusu ya washukiwa wote. Inasikitisha kuona transmita nzima na nzuri ikitolewa na kutupwa kwa sababu hakuna aliyekifanya.

Sina kalibreta. Nifanyeje?

Betri ni chanzo tulivu sana cha umeme, maana haijaunganishwa na gridi wala na ethi (ardhi). Kwa kadi ya 0–10 V, betri ya volti 9 inatosha. Kwa kadi ya mkondo yenye ukinzani wa ndani wa ohm 250, unganisha betri hiyo na kizuizi cha ohm 470 kwa mfululizo, utapata takriban 12.5 mA. Fanya hivyo tu kwenye chaneli isiyotoa umeme wa kuendesha transmita; soma mchoro wa kadi kwanza.

Kwa Pt100, funga kizuizi sahihi cha ohm 100 badala ya kihisi, na kadi itasoma 0 °C. Kwa themokapo ni rahisi zaidi: unganisha temino mbili za chaneli kwa kipande kifupi cha waya wa shaba. Kadi inapaswa kuonyesha halijoto ya pale zilipo temino, yaani joto la ndani ya paneli, na isiyumbe.

Njia nyingine ni kubadilishana chaneli. Hamisha kihisi kinachoyumba kwenda chaneli ya jirani iliyo tulivu ya aina ileile. Yumbo likihama nacho, limetoka nje. Likibaki kwenye chaneli ya zamani, kadi ndiyo mgonjwa.

Je, umbo la yumbo kwenye grafu linaweza kunionyesha chanzo?

Ndiyo, na ni jambo la kujifunza mapema. Fungua grafu yenye sampuli za haraka kadiri mfumo unavyoruhusu.

Wimbi la polepole, la kupanda na kushuka kwa mpangilio, mara nyingi linatoka kwa kidhibiti kinachowinda thamani yake, yaani kinachopita lengo juu na chini bila kutulia, au vali inayokwama na kuachia. Weka kidhibiti kwenye hali ya mkono: wimbi likifa, kihisi hakina kosa, kinaeleza ukweli. Miiba myembamba inayotokea mara mojamoja inaelekeza kwenye rilei, kontakta, au muunganiko uliolegea. Mkanda mnene usiokoma wa kelele, yaani vurugu iliyo juu ya ishara, unaelekeza kwenye umeme wa gridi au invata (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota). Usomaji unaodondoka hadi chini kabisa na kurudi ni waya unaokatika na kuungana. Ngazi ndogo zenye ukubwa uleule ni mipaka ya kadi yenyewe. Na mteremko wa taratibu unaofuata saa za mchana na usiku unazungumzia joto au unyevu.

Kuna mtego mmoja hapa. Grafu inayochukua sampuli moja kila sekunde haiwezi kuona kelele ya 50 Hz jinsi ilivyo. Gridi ikiwa kwenye 49.9 Hz, sampuli hizo zitachora wimbi la kubuni lenye kipindi cha sekunde 10, la kupendeza, linalofanana kabisa na mchakato unaowinda. Ukibadilisha kasi ya sampuli na wimbi likabadilisha kipindi chake, ujue wimbi hilo halitoki kwenye bomba. Vilevile, mifumo mingi ya kuhifadhi kumbukumbu hubana data na kufuta mabadiliko madogo, hivyo grafu ya jana inaweza kuonekana tulivu kuliko hali ilivyokuwa.

Ni kiasi gani cha kuyumba ni cha kawaida?

Kadi ya biti 12 hugawa kipimo chake kwa hatua 4096. Kama kadi imepangwa kusoma 0–20 mA na ishara yako ni 4–20 mA, unatumia asilimia 80 tu ya hatua hizo. Kwa transmita ya bar 0 hadi 16, kila hatua ni karibu bar 0.005. Usomaji unaocheza hatua moja au mbili hauna ugonjwa wowote.

Shida huwa kwenye skrini. Mtu ameweka tarakimu tatu baada ya nukta, ya mwisho inacheza, opereta anaandika ripoti ya hitilafu. Punguza tarakimu ziendane na usahihi halisi wa kifaa.

Kwa nini nisiongeze tu kichujio kwenye programu?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila fundi alifikirie kwa makini, maana kichujio ndicho dawa inayokimbiliwa kwanza ilhali kinapaswa kuwa cha mwisho.

Kichujio cha daraja la kwanza huhesabiwa hivi: thamani mpya = thamani ya zamani + k × (usomaji − thamani ya zamani). Hapo k ni muda kati ya sampuli ukigawanywa kwa jumla ya muda huo na muda wa kichujio. Baada ya muda mmoja wa kichujio, thamani inakuwa imefika asilimia 63 ya badiliko. Baada ya mara tatu, asilimia 95. Kwa hiyo ukiweka sekunde 5, shinikizo likiruka ghafla, skrini itachukua sekunde 15 kukuonyesha asilimia 95 ya hatari iliyopo. Kama thamani hiyohiyo ndiyo inayozima mashine, umeichelewesha breki.

Kuna madhara mengine mawili. Kichujio ndani ya saketi ya udhibiti huongeza ucheleweshaji, na kidhibiti kilichokuwa kimetulia kinaweza kuanza kuwinda. Ukaondoa yumbo la umeme na kuzaa yumbo la mchakato. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: kelele kali za masafa ya juu zinaweza kugeuzwa na vipande vya elektroniki kuwa hitilafu ya kudumu, usomaji wote ukasogea juu au chini. Kichujio kitakupa wastani mtulivu wa namba ya uongo.

Kina nafasi yake, hata hivyo. Mawimbi ya juu ya tangi na mapigo ya pampu ni kelele za kweli za mchakato, na hizo kuzichuja ni halali. Miiba mifupi huondolewa vizuri na kichujio cha thamani ya kati ya sampuli tatu au tano, ambacho hakivuti wastani kama kile cha kwanza. Chagua mahali pamoja pa kuchuja. Nimekuta saketi iliyochujwa kwenye transmita, kwenye kadi, kwenye PLC na tena kwenye skrini, kila mmoja akidhani mwenzake hakufanya. Na endesha hesabu hiyo kwenye kazi yenye muda maalumu, kwa namba za desimali. Ukitumia namba kamili, tofauti ndogo ikizidishwa kwa k inakuwa sifuri, na usomaji unaganda mbali kidogo na ukweli.

Shildi ya kebo (kinga ya chuma inayozunguka nyaya) niifunge ethi upande mmoja au pande zote mbili?

Kwa ishara za polepole za analogi, desturi ni upande mmoja, kwa kawaida kwenye paneli. Upande wa kihisi, shildi hukatwa na kufunikwa vizuri isiguse kitu. Sababu ni kwamba ethi ya kiwandani na ethi ya paneli haziko kwenye volti sawa. Ukiunganisha pande zote, mkondo unapita ndani ya shildi yenyewe na kuleta kelele ulizokuwa unazikimbia.

Ila kanuni hiyo ina mipaka. Kwa kelele za masafa ya juu, shildi iliyofungwa upande mmoja hailindi vya kutosha. Mahali ambapo ethi zote zimeunganishwa vizuri kwa nyaya nene, watengenezaji wengine huelekeza kufunga pande zote, au upande wa mbali kupitia kapasita. Kebo ya mota inayotoka kwenye invata ni habari nyingine kabisa: hiyo hufungwa pande zote mbili, kwa klampu inayoishika shildi mzunguko mzima. Msuko mrefu wa shildi uliopelekwa kwenye skrubu ya mbali hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Kosa ninalolikuta zaidi liko kwenye boksi la maungio: shildi inakatwa hapo na haiendelezwi, au inagusa ukuta wa boksi na kupata ethi ya pili bila mtu kujua. Kuipima ni rahisi. Fungua shildi kwenye paneli, pima ukinzani kati yake na ethi. Maltimita ikionyesha ohm chache, inagusa mahali.

Usomaji unaanza kuyumba invata ikiwaka. Nifanye nini?

Invata hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kwa kawaida kati ya 2 na 16 kHz, na kingo za mapigo yake ni kali mno. Mkondo wa kelele unavuja kutoka kwenye kebo ya mota kwenda ethi na kutafuta njia ya kurudi kwenye invata. Usipoupa njia nzuri, utapita kwenye nyaya zako za ishara.

Thibitisha kwanza. Zima invata, mchakato ukiruhusu, uangalie grafu. Kisha iwashe na ubadilishe masafa yake ya kukata umeme. Kelele ikibadilika sura, umempata mhusika. Sasa fuata kebo kwa miguu. Mara nyingi utakuta kebo ya ishara na kebo ya mota zimelala trei moja kwa makumi ya mita. Zitenganishe kwa sentimita 20 hadi 30 angalau, na zinapolazimika kupishana, zipishane kwa pembe ya nyuzi 90. Hakikisha kebo ya mota ina shildi na waya wa ethi unaorudi moja kwa moja kwenye invata.

Kebo ya ishara iwe na jozi zilizosokotwa. Msokoto hufanya nyaya zote mbili zipokee kelele sawa, na kadi inayosoma tofauti kati yao huziondoa zenyewe. Ukichukua waya mmoja kutoka jozi hii na mwingine kutoka jozi ile, kwa sababu tu rangi ziliisha, kinga hiyo imepotea. Na kama amri ya kasi inakwenda kwenye invata kwa 0–10 V, ihamishie kwenye 4–20 mA.

Mzunguko wa ethi ni nini, na nitautambuaje?

Ni hali ambapo ishara moja imeshika ethi sehemu mbili zenye volti tofauti. Mfano wa kawaida: ncha ya themokapo imeunganishwa na ganda lake la chuma, ganda liko kwenye bomba, na kadi nayo haina utengano kati ya chaneli na ethi. Mwingine ni transmita ya nyaya nne yenye umeme wake, inayotuma ishara kwenye kadi ambayo hasi yake imefungwa kwenye ethi ya paneli.

Pima volti za AC na za DC kati ya mwili wa kihisi na ethi ya paneli. Kisha pima kati ya kila temino ya chaneli na ethi ya kadi, ulinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kadi. Dalili nyingine: chaneli mbili zinasoma vizuri kila moja peke yake, ila ukiziunganisha pamoja zinaharibiana. Dawa ni kitenganishi cha ishara, au kadi yenye chaneli zilizotengana.

Jambo moja lisilo na mjadala: usikate kamwe ethi ya usalama ya mota, paneli au kifaa chochote ili ishara itulie. Itatulia kweli, na siku kifaa kitakapovujisha umeme, mtu atakigusa na kufa.

Transmita inasoma vizuri chini, lakini ikifika juu inayumba au inakwama karibu na 18 mA.

Volti hazitoshi. Piga hesabu: kadi ohm 250, kizuizi cha usalama (kinachozuia umeme mwingi usifike eneo la hatari ya mlipuko) ohm 300, kebo ohm 40, jumla 590. Kwenye 4 mA saketi inakula volti 2.4 tu, transmita inabakiwa na zaidi ya 21 kati ya 24. Kwenye 20 mA inakula 11.8, zinabaki 12.2. Kama transmita inahitaji 12, iko ukingoni. Chanzo cha umeme kikishuka hadi volti 22, imekufa. Ndiyo maana hitilafu hii hujitokeza tu mchakato ukiwa juu, na hupotea fundi akija asubuhi mtambo ukiwa umepoa.

Pima volti kwenye temino za transmita yenyewe mkondo ukiwa 20 mA. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu ohm 12 kwa kilomita, na mkondo hupita kwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mara mbili.

Usomaji unaruka ghafla hadi 3.6 mA au kupita 21 mA. Ni kelele?

Huenda si kelele. Kwa pendekezo la NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, ishara halali ya kipimo iko kati ya 3.8 na 20.5 mA; mkondo wa 3.6 au chini, au 21 na kuendelea, ni transmita inayotangaza kwamba imegundua kosa ndani yake. Soma ujumbe wake wa hitilafu kabla ya kuanza kufukuza kebo. Na kwenye programu, thamani hizo zishughulikiwe kama kosa la kifaa, zisigeuzwe kuwa shinikizo au kina.

Kipi kinavumilia kelele zaidi, volti au mkondo?

Mkondo. Ukinzani wa kebo haubadilishi 4–20 mA mradi volti zinatosha, na waya ukikatika unajua mara moja kwa sababu hakuna kipimo halali kilicho 0 mA. Tumia 0–10 V ndani ya paneli, kwa mita chache.

Pt100 yangu inarukaruka digrii moja au mbili.

Pt100 hubadilika kwa ohm 0.385 tu kwa kila digrii, hivyo kila ohm moja ya ziada inaonekana kama digrii 2.6. Muunganisho wa nyaya mbili unajumlisha waya wote kwenye kipimo. Ule wa nyaya tatu huondoa ukinzani wa waya, lakini kwa sharti kwamba nyaya ziwe sawa. Temino moja ikipata kutu ya nusu ohm, unapata kosa la digrii 1.3, na mtetemo wa mashine ukiigusa, kosa hilo linakuja na kuondoka. Nyaya nne ndizo zinazoondoa tatizo.

Pima pia kama kihisi kimeingiwa na unyevu. Unyevu hupitisha mkondo pembeni ya kihisi, na kipimo kinashuka chini ya halijoto halisi. Unapopima insuleni kwa mega (kipimo cha ukinzani kinachotumia volti kubwa), tenganisha kihisi na kadi au transmita kwanza, la sivyo utaichoma.

Na themokapo?

Aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa digrii. Kelele ya milivolti moja, ambayo ishara ya 0–10 V isingeihisi, hapa ni digrii 24. Kwa hiyo kila kilichosemwa juu ya shildi, misokoto na umbali kinahitaji kufuatwa kwa ukali zaidi.

Waya wa kurefusha lazima uwe wa aina ileile ya themokapo hadi kwenye kadi. Ukiweka shaba njiani, maungio yake yanakuwa vihisi vipya vinavyopima joto la boksi. Angalia rangi: kwa kanuni za IEC, K ni kijani chanya na nyeupe hasi, kwa zile za Kimarekani ni njano chanya na nyekundu hasi. Fundi wa umeme aliyezoea nyekundu kuwa chanya hugeuza waya huu kwa nia njema kabisa. Usomaji unaopanda na kushuka polepole bila sababu uangalie pia feni ya paneli: ikipuliza moja kwa moja kwenye temino, fidia ya joto la temino inadanganyika.

Nitajuaje kama mchakato wenyewe ndio unaoyumba?

Linganisha na geji ya mshale iliyo karibu na kihisi. Zote zikicheza pamoja, kihisi kinasema kweli. Pampu ya pistoni hutoa mapigo. Kimiminika kinachomwagwa kutoka juu ya tangi hutengeneza mawimbi na povu. Bomba la kutulizia lililosimamishwa ndani ya tangi husaidia kuliko kichujio chochote. Mita ya mtiririko ya sumaku inahitaji bomba lililojaa, lisilo na mapovu, na kipande kilichonyooka kabla yake. Kwenye transmita za shinikizo, angalia vijibomba vya kuunganishia: hewa iliyonaswa kwenye kimiminika, au maji yaliyojikusanya kwenye mstari wa gesi, huyumbisha kipimo.

Na hapa kuna dalili ya kuogopa zaidi ya yumbo: utulivu uliopitiliza. Kijibomba kikiziba, ishara iliyokuwa na mchezo wake mdogo wa kawaida inanyooka kama uzi. Watu hufurahi kwamba imepona, kumbe transmita haioni tena mchakato. Zoea kujua kila kihisi huwa na kelele kiasi gani kikiwa kizima.

Ni mipangilio gani ya kadi niikague?

Masafa ya gridi kwanza. Kadi nyingi hupima kwa kujumlisha ishara kwa kipindi fulani. Kipindi cha milisekunde 20 hufuta 50 Hz, 16.67 hufuta 60 Hz, na milisekunde 100 hufuta zote mbili kwa sababu hubeba mizunguko kamili ya kila moja. Kadi iliyowekwa 60 Hz kwenye gridi ya 50 Hz inaachia kelele zipite. Kisha aina ya ishara, kipimo, na chaneli zisizotumika, ambazo huzimwa au kufungwa temino zake kama kitabu kinavyoelekeza. Transmita za HART, zinazotuma data ya kidijitali kwenye nyaya zilezile, huweka mawimbi ya 1200 na 2200 Hz juu ya ishara, kama 0.5 mA juu na chini. Wastani wake ni sifuri, lakini kadi ya haraka sana isiyochuja inaweza kuyaona.

Inaweza kuwa programu?

Ndiyo. Tafuta sehemu mbili zinazoandika kwenye anwani ileile, kila moja thamani yake. Skrini hurukaruka kati ya namba mbili zilezile, na hakuna kebo itakayotibu hilo.

Tatizo linakuja mvua ikinyesha au mashine ikitetemeka, fundi akifika limekwisha.

Mwache mtu aangalie grafu ya haraka huku wewe ukivuta taratibu kila waya na kugonga boksi kwa mpini wa bisibisi, temino moja baada ya nyingine. Fungua glandi uone kama kuna maji. Kebo inayoingia kwenye boksi kutoka juu huongoza maji ndani; iingie kutoka chini, au ipewe mkunjo ushukao kabla ya glandi. Nyaya za nyuzi nyingi zivikwe feruli. Zisipakwe risasi ya kulehemu kabla ya kufungwa kwa skrubu, kwa sababu risasi hulegea polepole chini ya mgandamizo, na baada ya muda skrubu iliyokuwa imekaza inashika hewa.

Kuzungumza kwa redio ya mkononi karibu na paneli kunaweza kuathiri?

Kunaweza, hasa mlango wa paneli ukiwa wazi. Jaribu kwa makusudi, kidhibiti kikiwa kwenye hali ya mkono.

Kengele zinalia mfululizo wakati bado natafuta chanzo.

Weka pengo kati ya kiwango cha kuwasha kengele na cha kuizima, pamoja na ucheleweshaji wa sekunde chache, kwa kengele zisizo za usalama. Andika kwenye daftari la zamu ulichobadilisha na thamani ya awali. Kengele za usalama zinahitaji kibali cha mwenye mamlaka nazo.

Saketi iko kwenye eneo la hatari ya mlipuko. Kuna tofauti?

Kubwa. Vizuizi na vitenganishi vya saketi hiyo ni sehemu ya ulinzi ulioidhinishwa, na hesabu za kebo yake zimeandikwa. Usiingize kitenganishi cha kawaida, usiongeze kapasita, na usifungue boksi wala kuunganisha kalibreta isiyoidhinishwa bila kibali cha kazi.

Nimefuata yote na bado inayumba.

Tandaza kebo ya muda, yenye shildi na jozi iliyosokotwa, moja kwa moja kutoka kwa transmita hadi kadi, mbali na trei na maboksi yote. Kama yumbo limekwisha, gawanya kebo ya zamani kwa nusu kwenye kila boksi hadi upate kipande kibovu. Kama limebaki, endesha transmita kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo badala ya chanzo cha paneli. Likitulia hapo, chanzo cha umeme ndicho kinachochafua ishara; pima AC iliyo juu ya DC yake, kisha kibadilishe. Likiendelea hata kwa betri, na kadi ulishaipima kwa 12 mA ikasimama imara, na geji ya mshale haitikisiki, sasa ndipo wakati wa kubadilisha transmita.